Asali Yangu na Ushuru wa Forodha



Mhariri ameniomba niwaeleze habari za biashara ya kuvuka mpaka. Mimi hununua asali hapa Uganda, huichuja na kuitia chupani, kisha huiuza Kenya.

Tarehe 1 Januari 2005 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza Umoja wa Forodha wa Afrika ya Mashariki. Bidhaa zetu ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ile, bali bidhaa kadha wa kadha za Kenya zilitozwa hapa asilimia 10, zikapunguziwa 2 kila mwaka hata ushuru ukaisha mwaka 2010. Ilikuwa hivyo kwa sababu viwanda vya Kenya vilikuwa vimekwisha kukomaa. Bidhaa nyingi zitokazo nje ya nchi wanachama hutozwa 0, 10 au 25 kwa mia, na tangu Julai 2022 kimeongezwa kiwango cha 35.

Haya, fanyeni hesabu. Mzigo wa shilingi 100,000 za Kenya ukitoka ng'ambo, kwa kiwango cha 25, mwenyewe hulipa 25,000 kabla hajauza hata chupa moja. Mzigo kama huo ukitoka kwetu haulipi ushuru huo, ingawa kodi nyingine zabaki. Basi naweza kushusha bei kidogo nikampata mnunuzi, na bado nikarudi na kitu mfukoni.

Lakini faida hii haiji yenyewe. Safari yangu ya kwanza nilifika Busia na katoni nyingi, nikidhani yatosha kusema nitokako. Afisa akaniuliza cheti cha uasilia wa bidhaa. Sikuwa nacho, na wakala niliyemlipa hakuwa ameniambia neno! Asiye na cheti huhesabiwa kama mtu wa mbali. Nililala mpakani siku mbili nikikitafuta. Mzigo usiopita thamani ya dola 2,000 za Marekani waweza kupewa cheti chepesi pale pale mpakani, lakini wangu ulipita. Mzigo mkubwa huombewa cheti mapema.

Na cheti hakitolewi kwa maneno. Asali iliyorinwa katika nchi mwanachama ni yetu kabisa. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alitaka kuagiza asali rahisi ya ng'ambo, aitie chupani hapa na kubandika karatasi yenye jina lake. Tulibishana jioni nzima. Kanuni zasema kutia chupani na kubandika karatasi ni kazi ndogo mno, haigeuzi asili ya kitu. Asali ile yabaki ya kigeni, nayo yatozwa.

Kwa hiyo naweka daftari la wafugaji nyuki wote ninaonunua kwao: jina, kijiji, kilo na tarehe. Mwaka jana afisa aliitia shaka asali yangu, maana ilikuwa nyeusi kuliko kawaida. Nikamfungulia daftari. Alisoma kurasa tatu, akagonga muhuri.