Dondoo Muhimu: Amplifaya ya Valvu Jijini Kampala
Mnunuzi wa Kampala anayetaka amplifaya ya gitaa ya valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza sauti badala ya transista, na hasa toleo jipya la muundo wa zamani kama '65 Deluxe Reverb ya Fender yenye wati 22, hana budi kusoma kwanza maandishi ya nyuma, kwa kuwa ile ya soko la Marekani hutumia volti 120 ilhali umeme wa Uganda ni volti 240, na ikichomekwa bila transfoma ya kupunguza volti inaweza kuungua.

Katika kuiboresha, spika ndiyo ya kubadilishwa mwanzo, maana hugeuza sauti kuliko kingine chochote, mradi ilingane na omu 8 za ile ya awali. Valvu mbili za nguvu, aina ya 6V6, zinunuliwe zikiwa jozi iliyopimwa pamoja, kisha fundi arekebishe baiasi, yaani mkondo unaopita ndani yake wakati gitaa halipigwi. Asiye fundi asiifungue kamwe: kapasita zake huweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata baada ya plagi kuchomolewa, nazo huua.