Kamstari ka Milimita 100: Nilivyojenga Ndege ya Rimoti Kanazi

Kwenye kona ya chini ya mchoro wowote mzuri wa ndege kuna kamstari kadogo kameandikwa "milimita 100". Wengi wetu tunakaruka. Mimi nilikaruka, nikapoteza wiki mbili za likizo na plaiwudi yangu yote, ndiyo maana naandika haya.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa nyumbani Kanazi, Bukoba Vijijini, nikajenga ndege ya rimoti yenye mabawa ya mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Siyo ya kununua. Nilianza na mchoro, fito, na lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la televisheni, nikamaliza na kitu ambacho hakipiti mlangoni bila kung'olewa mabawa kwanza. Nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, na nilitaka zana ya kufundishia nitakapoenda mazoezi ya kufundisha. Wenzangu wa Elimu mnazijua zana zetu: manila, maka pen na chupa ya maji iliyokatwa. Mota, betri na rimoti nilinunua vilivyotumika, kwa sehemu ya bumu la semesta ya pili. Nilikula ugali na maharage kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na nyumbani sikusema.

Turudi kwenye kamstari. Mchoro ulikuwa kwenye faili, nikauchapisha kwenye karatasi kubwa steshenari moja mjini. Mashine ikaufinya ili uenee kwenye karatasi, na hakuna aliyegundua. Nikabandika, nikakata mbavu tisa za bawa kwa msumeno mdogo, nikapiga msasa, zikapendeza kweli. Mota ilipofika haikuingia kwenye kitako chake. Nikaanza kumlaumu aliyechora. Mdogo wangu wa Kidato cha Pili alikuwa anamenya ndizi pembeni, akanawa mikono, akachukua rula yake ya shule na kupima kale kamstari. "Kaka, hii ni tisini na nne."

Daah. Mimi wa mwaka wa tatu.

Hapa ndipo penye somo, na ni zuri kuliko mfano wowote wa maumbo yanayofanana niliowahi kuusoma kitabuni. Urefu ukipungua hadi 0.94, eneo halipungui hadi 0.94. Linapungua hadi 0.94 mara 0.94, yaani kama 0.88. Bawa langu la mchoroni lilikuwa na urefu wa mita 2 na upana wa mita 0.32, eneo mita za mraba 0.64. Lile nililokuwa nakata lingebaki na takriban 0.565. Lakini mota haijui kwamba mchoro umefinywa. Betri nayo haijui. Uzito unakuwa karibu uleule, bawa la kuubeba limepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mwanafunzi akikuuliza "mwalimu, hii itanisaidia nini?", mpe mbavu tisa zilizoharibika azishike.

Kosa la pili halikuwa la mashine. Mchoro ulisema mbao iwe balsa. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini na Kati, mbao yake ni nyepesi ajabu, mita moja ya ujazo ina kama kilo 150. Msindano tunaoupata huku unaweza kufika mara tatu ya hapo. Ukibadilisha mbao bila kubadilisha vipimo, unajenga stuli yenye mabawa. Fundi seremala wa jirani yetu, mzee ambaye hajawahi kupanda ndege, ndiye aliyenifungua macho. Alinyanyua fito yangu ya kwanza, akaipima kwa mkono, akauliza: "Hii inabeba nini?" Nikasema inabeba bawa lote. "Na hii?" Hiyo haibebi kitu, inashika umbo tu. Akaniambia basi hiyo isiwe mbao. Kuanzia siku ile msindano ulibaki kwenye uti wa bawa peke yake, mbavu nikazikata upya kwa povu, na plaiwudi nikaomba mabaki yake kwa ajili ya kitako cha mota.

(Onyo: ile gundi ya matone inayokausha kwa sekunde inakula povu. Inalitafuna mbele ya macho yako. Tumia gundi ya mbao, na uwe na subira.)

Kuna Mmarekani anaitwa Maynard Hill. Mwezi Agosti 2003 ndege yake ya modeli, isiyofika kilo 5 pamoja na mafuta yake, ilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Newfoundland nchini Kanada hadi Ayalandi, zaidi ya kilomita 3,000, ikiwa hewani karibu saa 39. Mzee huyo alikuwa na miaka 77, macho yake yameshaharibika kiasi cha kuhesabika kisheria kuwa kipofu, na masikio yake yalikuwa mabovu. Jaribio la kwanza halikuwa hilo; ndege kadhaa zilipotea kabla ya ile iliyofika. Nilimsimulia mdogo wangu habari hii usiku tukiwa tunasubiri gundi ikauke, akaniuliza alijuaje kama imenyooka kama haoni. Nadhani alipima kwa vidole.

Kufunika bawa nilitumia karatasi ya kaki iliyolowekwa kwenye gundi ya mbao iliyochanganywa na maji. Ikikauka inajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma. Shida ni kwamba inavuta na mifupa. Bawa la kushoto niliamka asubuhi nikalikuta limejinyonga, ncha ya nyuma imepanda juu, kwa sababu upande mmoja nilipaka jioni na mwingine kesho yake. Dawa yake ni kulilowesha tena pande zote mbili, kulilaza mezani, kulinyonga kidogo kinyume, kuliwekea mawe na kuondoka. Usichungulie. Siku mbili.

Sasa mizania, ambayo ningependa kila mwalimu wa Fizikia aifundishe kwa ndege badala ya ile bembea ya ubao ya kila mwaka. Ndege yenye bawa la upana mmoja kama langu inatakiwa isimame sawa ukiinyanyua kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kwenye robo ya upana wake au nyuma kidogo ya hapo, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Yangu ilikaa chini kwa mkia kama kuku. Nilikuwa nimejaza mkia gramu 60 za ziada: rangi, gundi, na kijiti cha msindano nilichoweka "kwa usalama". Mkia uko mita 1.1 nyuma ya nukta ya mizania, pua iko mita 0.35 tu mbele yake. 60 mara 1.1, gawanya kwa 0.35. Unapata karibu gramu 189 za kuongeza puani kwa ajili ya gramu 60 za uzembe. Sikuziongeza. Nilikwangua rangi, nikang'oa kijiti, nikasogeza betri mbele. Ndege yenye pua nzito inaruka vibaya. Yenye mkia mzito inaruka mara moja tu.

Iliyokamilika ina kilo 3.2. Nilipiga hesabu ya mwendo mdogo kabisa ambao bawa bado linaibeba, nikapata kama mita 8.7 kwa sekunde, yaani kilomita 31 hivi kwa saa. Mwendo wa bajaji. Kumbuka kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 10. Ukichukua hesabu za mtu wa pwani bila kuzirekebisha, umejidanganya.

Watu walisema sana. Vijana waliuliza kama ni ya kukamatia senene. Bibi hakucheka. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022 alikuwa kanisani mjini Bukoba, ndege ya abiria kutoka Dar es Salaam ilipoanguka ziwani ikikaribia uwanja. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Wavuvi ndio waliofika kwanza kwa mitumbwi. Toka siku ile Bibi akisikia mngurumo juu anasimama na kungoja hadi upotee. Wiki ya kwanza aliniambia nijenge kabati. Nilimweleza kwamba mwaka 2018, hapa hapa kwenye ziwa letu, ndege zisizo na rubani zilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kama kilomita 60 kwa dakika 40. Akauliza: "Na zilirudi?" Nikamwambia zilirudi, na zikabeba sampuli za maabara. Akanyamaza. Kesho yake alinipa kanga yake ya zamani nifunikie mabawa yasiingie vumbi la kahawa.

Haijaruka bado. Chombo cha aina hii kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na mimi siyo wa kurusha kilo 3.2 kienyeji mkoa wenye uwanja wa ndege ufukweni na kumbukumbu kama ile. Barua nimeandika. Tulichofanya ni kuiwasha kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi na kuikimbiza chini tu, mdogo wangu akiwa na rula mfukoni, sijui ya nini. Iliyumba kushoto mara mbili, nikarekebisha gurudumu la mkia, mara ya tatu ikaenda moja kwa moja hadi kwenye goli la mbali. Bibi alikuwa amekuja na stuli yake. Mota ilipozimwa aliuliza kibali kinachukua muda gani.