TUSIMNYANG'ANYE KIKOMBE

Mgonjwa wa kiharusi akirudi nyumbani, sisi jamaa zake huona upendo ni kumfanyia kila kitu: kumlisha, kumvika, kumbeba. Hapo ndipo tunapomlemaza. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kutumiwa, na miezi 3 ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote.

Kutoka Segera hadi Bombo, Tanga, au KCMC, Moshi, ni safari na nauli. Nani awezaye kwenda kila siku? Basi yule anayemuuguza hospitalini ajifunze mazoezi kwa mtaalamu kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Mkono uliolegea usivutwe wakati wa kumwinua, maana bega huweza kuteguka. Ale akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2, usiku pia (kazi hii ni ya zamu, wala si ya binti mmoja peke yake). Dawa za presha zisiachwe ati kwa sababu anaonekana mzima.

Asiyeweza kusema huenda anasikia na kuelewa yote. Yatupasa tusijadili shamba lake mbele yake kama vile hayupo. Nasi tumtembelee mwezi wa 3 pia, si juma la kwanza tu.

Ashike kikombe mwenyewe. Atamwaga chai, mkeka utafutwa. Na bibi aliyezoea kuchambua maharage arudishiwe ungo wake, hata kama asubuhi nzima atachambua konzi moja.