SOMO LA WIKI: Mvinyo na chakula cha kila siku

Wenye hoteli na baa wengi huuchukulia mvinyo kuwa kinywaji cha karamu. Matokeo yake chupa hukaa kwenye rafu, na mteja wa nyama choma huagiza bia. Hata hivyo, mvinyo hufaa vyakula vya kawaida iwapo kanuni hizi zitafuatwa.

Nyama choma na mishikaki: Mvinyo mwekundu mkavu, kama wa zabibu za Makutupora za Dodoma. Mafuta na protini ya nyama hupunguza ukakasi wake.

Chipsi na kuku wa kukaanga: Mvinyo mweupe wenye uchachu, mfano Chenin Blanc, zabibu inayolimwa pia Dodoma. Uchachu huzuia mafuta yasikinaishe, kama ifanyavyo ndimu.

Vyakula vya pilipili: Mvinyo wenye utamu kidogo na kilevi kidogo. Ukakasi na kilevi kingi huzidisha muwasho.

Ubaridi: Mweupe unywewe ukiwa na nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, mwekundu 15 hadi 18. Katika joto la pwani, mwekundu nao uwekwe kwenye jokofu nusu saa kabla ya kuuzwa.

Hesabu ni hii: chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5 za mililita 150. Ikishafunguliwa, hudumu siku 3 hadi 5 tu kwenye jokofu. Glasi zisizouzwa humwagwa, na faida huenda nazo. Kwa hiyo mhudumu autaje mvinyo wakati anapopokea oda ya chakula, si baadaye.