SOMO LA AFYA: Kupima chakula baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Fikiria mama aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, na sasa yuko nyumbani wiki ya tisa. Ni Ijumaa mchana, jamaa wamekusanyika na sinia la wali limewekwa katikati. Shangazi anamsogezea nyama: "Kula mwanangu, mbona umekonda hivi?" Mama anaona haya kukataa. Anameza matonge matano harakaharaka. Punde si punde kifua kinambana, mate yanamjaa mdomoni, na anakimbilia msalani kutapika. Waliobaki kwenye mkeka wanaanza kunong'ona kwamba upasuaji umemharibu.

Huenda upasuaji hauna kasoro yoyote. Kilichokosekana ni kipimo. Somo la toleo hili linawahusu waliofanyiwa upasuaji huo, na pia wale wanaowapikia.

Tumbo limebadilika vipi?

Tumbo la mtu mzima likitanuka huweza kuchukua lita moja au zaidi. Aina mbili za upasuaji ndizo hufanywa sana. Katika ya kwanza, daktari huondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Kifuko hicho huchukua takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani.

Tumbo dogo likijazwa kupita kiasi, huleta maumivu, kiungulia na kutapika. Na mtu akizoea kujilazimisha, au kudokoadokoa vyakula vitamu kutwa nzima, uzito huweza kurudi, pamoja na kisukari au presha iliyokuwa imetulia.

Hatua za chakula

Ratiba kamili hutolewa na daktari na mtaalamu wa lishe waliokuhudumia. Kwa kawaida hufuata mpangilio huu:

1. Siku za kwanza: maji na supu iliyochujwa, funda moja moja.
2. Hadi mwisho wa wiki ya 2: maziwa, mala isiyo na sukari, supu laini na uji mwepesi.
3. Wiki ya 3 na 4: chakula kilichopondwa kikalainika, kama ndengu, maharagwe yaliyotolewa maganda, au samaki asiye na miiba. Vijiko 2 hadi 4 vya mezani kwa mlo vinatosha.
4. Wiki ya 5 na 6: chakula laini, kama yai, samaki wa mchuzi, malenge na parachichi.
5. Kuanzia wiki ya 7 au 8: chakula cha kawaida, ukijaribu aina moja baada ya nyingine. Wengi hutosheka na nusu kikombe kwa mlo. Baada ya mwaka mmoja, wengi hufikia kikombe kimoja hivi.

Usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri. Kidonda cha ndani hakionekani, nacho kinahitaji muda wa kupona.

Kipimo kiko jikoni kwako

Huhitaji mizani. Chukua kikombe cha mililita 250: robo yake ni vijiko 4 vya mezani, na nusu yake ni vijiko 8. Pakua kwenye kisahani cha chai, kisha rudisha sufuria jikoni kabla ya kuketi.

Anza na protini: samaki, omena, kuku, yai, ndengu au maharagwe. Ifuate mboga. Ugali, wali au chapati huja mwisho. Sababu ni hii: wagonjwa wengi hushauriwa kupata gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku ili misuli isipotee pamoja na mafuta. Yai moja lina takriban gramu 6, na kikombe cha maziwa gramu 8. Ukianza na ugali, nafasi itakwisha kabla hujafika kwenye samaki.

Mfano wa mlo wa nusu kikombe: vijiko 4 vya samaki, vijiko 2 vya mchicha na vijiko 2 vya ugali laini.

Tafuna hadi chakula kiwe kama uji, na weka kijiko chini kila baada ya tonge. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukihisi kubanwa chini ya kifua, kwikwi, au pua kuanza kuchuruzika, acha hapo hapo, hata kama limebaki tonge moja.

Maji usiyanywe pamoja na chakula. Subiri dakika 30 baada ya kula, kisha unywe funda ndogo ndogo hadi ufikishe angalau lita 1.5 kwa siku. Epuka soda. Kaimati, juisi na chai yenye sukari nyingi huweza kuleta jasho, kizunguzungu, moyo kwenda mbio na kuhara, hasa kwa waliofanyiwa upasuaji wa aina ya pili.

Kwa kuwa chakula ni kidogo, vidonge vya vitamini na madini ulivyoandikiwa ni vya maisha yako yote, pamoja na vipimo vya damu.

Kwa familia

Mpakulieni mgonjwa kibakuli chake kando, hata kama wengine wanakula kwenye sinia moja. Msimhesabie matonge wala kumsukumia nyongeza. Nawe mgonjwa, jizoeze kusema, "Ahsanteni, nimekula nikatosheka." Hilo si dharau kwa mpishi. Kama unanuia kufunga Ramadhani, zungumza na daktari mapema, hasa katika mwaka wa kwanza.

Usingoje nyumbani

Nenda hospitali mara moja ukiwa na homa, maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio usiotulia, kinyesi cheusi kama lami, au ukishindwa kuzuia hata maji tumboni. Kutapika kwa siku nyingi huweza kumaliza vitamini B1 mwilini na kudhuru neva. Ganzi miguuni au kuchanganyikiwa ni dalili ya hatari.

Popote utakapotibiwa, hata kwenye zahanati ya kijijini, mwambie mhudumu kwamba ulifanyiwa upasuaji huu, na umwonyeshe barua ya hospitali. Usinunue ibuprofeni wala diklofenaki bila ushauri, kwani huweza kuleta vidonda vya tumbo. Dawa za kisukari na presha huenda zikahitaji kupunguzwa, lakini mwenye kuamua ni daktari.

Jipime

1. Nusu kikombe ni vijiko vingapi vya mezani?
2. Kwa nini samaki atangulie ugali?
3. Ukimaliza kula, utasubiri dakika ngapi kabla ya kunywa maji?

Majibu yote yamo katika somo hili. Likate, ulibandike ukutani jikoni, mahali ambapo kila anayepakua chakula ataliona.