SOMO: PAMPU YA BOMBA LA MVUA NA MTUNGI WA MAJI YA MOTO



Mtambo wa maji wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Mji wa Kisarawe ulifikiwa na maji yake mwaka 2020. Hivyo chama chenye nyumba ya wageni, kiwe Kibaha au Kisarawe, chaweza leo kufikiria bafu la maji ya moto. Lakini maji yakitoka tangini huchuruzika tu, maana kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa karibu bar 1, na tangi lililo mita 3 juu ya bomba la mvua halifikishi hata thuluthi yake. Ndipo pampu inapotakiwa.

Mkaguzi akifungua jalada hukuta hati ya malipo imeandikwa "pampu moja", basi. Haitoshi. Kabla ya kununua, Katibu sharti ajue mtungi ni wa namna gani, kwa kuwa mahali pa pampu hutegemea jambo hilo.

Mtungi uliofungwa, ule wa umeme unaotundikwa ukutani, ndio ulioenea kwetu. Pampu yake hukaa baada ya tangi na kabla ya mtungi, kisha bomba hugawanyika: tawi moja laingia mtungini, la pili laenda bafuni na maji baridi. Hivyo moto na baridi hupata msukumo ulio sawa, na mgeni haungui ghafla. Msukumo wa pampu usizidi ule ulioandikwa kwenye kibao cha mtungi. Valvu ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanapochemka, iacheni. Fundi anayeiziba anatengeneza bomu.

Mtungi wa wazi, wenye bomba la kupumulia linalopanda juu ya tangi, huhitaji pampu ya pande mbili iliyowekwa chini, baada ya mtungi. Maji ya moto yachukuliwe kwa bomba la peke yake ubavuni mwa mtungi, karibu na juu, ili pampu isivute hewa. Joto lisipite nyuzi 60.

Kwa vyovyote, pampu isinyonye moja kwa moja kutoka bomba la mtaa: huwapokonya majirani maji, na penye ufa huvuta uchafu. Wekeni swichi ya boya tangini, isije ikazunguka pakavu, na waya wa ardhi usiokosekana.

Halmashauri ipige hesabu pia. Lita 12 kwa dakika, dakika 5, wageni 10, ni lita 600. Mtungi wa lita 50 wenye kilowati 1.5 huchukua kama saa 1 na dakika 20 kupasha maji kutoka nyuzi 25 hadi 60, yaani uniti 2 za umeme. Bei ya chumba ikadiriwe kwa hesabu hiyo.

Fundi asilipwe fungu la mwisho mpaka bomba la mvua limefunguliwa mbele ya wajumbe wawili, moto na baridi pamoja, na wao wametia sahihi kwenye hati.