Naomi Hakuitwa Mara

Somo: Ruthu 1:1-22, 2:17-20, 4:9-17

Somo la juma hili ni la aliyefiwa, na pia ni la yule anayekaa karibu naye. Hapo kanisa zima limeingia.

Kitabu cha Ruthu tumezoea kukisikia kwenye harusi. Lakini kabla hujafika mstari wa sita, tayari kuna makaburi matatu. Elimeleki anafia Moabu, ugenini. Wanawe wawili, Mahloni na Kilioni, wanaoa huko, na baada ya miaka kama kumi nao wamekufa. Naomi anabaki na wake za wanawe tu. Ukifungua sura ya mwisho, mama huyo huyo amempakata mtoto kifuani. Swali letu leo ni hili: alifikaje hapo?

1. Aliusema uchungu wake

Akifika Bethlehemu anakataa hata jina lake. Naomi ni jina la kupendeza. Yeye anataka aitwe Mara, yaani uchungu. Anasema mbele ya wanawake wa mji kwamba aliondoka akiwa na vyote na Bwana amemrudisha mikono mitupu.

Wengine wetu tungemkemea: "Mama, usikiri hivyo!" Lakini soma sura yote. Hakuna nabii aliyetumwa kumkaripia. Mungu aliyasikia maneno yale, akaacha yaandikwe. Na Bwana Yesu, akijua kabisa kwamba Lazaro atatoka kaburini siku ile ile, bado alilia (Yohana 11:35). Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini (1 Wathesalonike 4:13). Machozi sio ukosefu wa imani, mpendwa. Lia.

2. Watu hawakumpa jina la msiba

Hebu angalia jambo hili. Naomi aliomba aitwe Mara, lakini tafuta kitabu chote: hakuna hata mmoja aliyemwita hivyo. Wanawake wa Bethlehemu hawakubishana naye wala hawakumhubiria. Mwandishi anaendelea kumwita Naomi hadi mwisho.

Sisi je? Mtu akifiwa, mwaka wa pili bado ni "yule mjane", "wale mayatima". Tukimwona anacheka, tunanong'ona ati amesahau haraka. Akilia, tunasema ati imani imepungua. Sasa akae vipi? Tumwite kwa jina lake. Na wewe uliyefiwa, uchungu ni njia unayopita, sio jina lako.

3. Njia ya kurudi ilipitia kwenye chakula

Katika sura ya pili hakuna wingu wala sauti kutoka mbinguni. Ni msimu wa kuvuna shayiri. Ruthu anaenda shambani kuokota masazo, na jioni anarudi na kama efa moja ya shayiri, pamoja na chakula alichobakisha mchana. Anampa mkwewe. Ni hapo, chakula kikiwa mbele yake, ndipo Naomi anamshukuru Bwana kwa mara ya kwanza tangu arudi, kwamba hajaacha wema wake kwa walio hai na kwa waliokufa (2:20). Sasa anaweza kuwataja marehemu wake na kushukuru katika sentensi moja.

Nilipofiwa na mume wangu, kamati ya mazishi ilifanya kazi nzuri: tenti, mchango, basi la kwenda nyumbani. Juma la pili tenti ilikuwa imeondolewa na simu imenyamaza. Lakini dada mmoja wa ushirika wetu alikuja kila Jumanne jioni na sukuma wiki, akawasha jiko, tukala. Hakunipa mashauri. Siku moja akaniuliza mzee alipenda kupikiwa nini. Nikaanza kumweleza, na nikajikuta nacheka. Usiku ule nililala.

4. Kuinuka sio kusahau

Obedi alipozaliwa, wanawake hawakusema Mahloni amerudi. Aliyekufa hana wa kujaza nafasi yake. Walisema mtoto huyu atamrejeshea Naomi uhai. Na Boazi alipomwoa Ruthu, alitangaza mbele ya wazee langoni kwamba jina la marehemu lisikatwe (4:10). Umeona? Siku ile ya furaha, Mahloni alitajwa kwa jina. Kwa hiyo ukianza tena kuimba kwaya, kupanda shamba, kufungua duka, hujamsaliti uliyemzika.

Ya kufanya juma hili

Katika ushirika wa nyumbani, tajeni waliofiwa tangu Januari. Nani aliwatembelea baada ya mazishi? Chagueni nyumba moja, mwende na unga au mboga. Msiende na hotuba. Mtajeni marehemu kwa jina, kisha msikilize.

Na wewe uliyefiwa, mwambie Mungu ukweli wako wote, halafu kubali sahani utakayoletewa. Naomi hakujua kwamba mtoto aliyempakata angekuwa babu yake Daudi. Alijua tu kwamba jioni ile kulikuwa na shayiri nyumbani.

Tuombe: Baba, wakumbuke wanaolia usiku wakati nyumba imenyamaza. Utupe miguu ya kuwafikia na mikono ya kubeba chakula. Wainue kwa wakati wako. Katika jina la Yesu, amina.